Kijiko Kilichomuua Mgombea Aliye Hai

Juwairiya Nabifo ameshika kijiko mkono wa kulia na mfuniko wa sufuria mkono wa kushoto, lakini hagongi. Anatazama barabarani, anatazama maiki, kisha anarudi kutazama barabarani. Jasho limemtoka puani, na jua la Mafubira bado halijakolea.

"Mikono inakataa," anasema. "Zamani nilikuwa nagonga huku nafikiria mboga ya mchana. Sasa nikishika tu hiki kijiko, moyo unanienda mbio."

Chumba chake ni cha mabati, kimejengwa juu ya duka la saruji, kaskazini mwa mji wa Jinja. Nje ya dirisha umesimama mlingoti wenye spika zilizoelekezwa kila upande: sokoni, msikitini, barabara ya kwenda mjini na mashamba ya miwa. Mama huyu wa miaka arobaini na sita ndiye sauti ya spika hizo. Mbuzi akipotea, umeme ukikatika, mkutano wa wazazi ukiahirishwa, ni yeye anayesema.

Tangazo la kawaida hulipiwa shilingi elfu mbili za Uganda. La msiba ni bure, na lina desturi yake.

Kijiko kinapogonga mfuniko karibu na maiki, Mafubira yote husimama. Bodaboda huzima injini. Wenye maduka hushusha mlango nusu. Anayekaanga chapati huiinua kutoka kwenye kikaango ili mafuta yasipige kelele. Kisha, bila salamu wala utangulizi, linafuata jina la marehemu.

Kijiko, halafu jina. Kila mtu hapa amekua na mpangilio huo, na ndio uliomponza Juwairiya.

Kampeni za urais zilipoanza, wagombea watatu walipita Mafubira kila mmoja kwa wakati wake. Watu hapa huwaita kwa alama zao: Kinu, Birika na Taa. Kila msafara ulikuja na muziki na fulana, ukaacha vumbi na mabishano.

"Mgombea akiondoka, sisi tunabaki tunagombana," anasema Akello, muuza dagaa ambaye mumewe ni askari kambini Kimaka. "Huyu anasema Kinu ameahidi dawa, yule anasema hapana, ni Taa. Mimi nikamwambia Mama Juwairiya, wewe una spika, tusomee basi hii maneno, tujue nani amesema nini."

Juwairiya alikataa mara ya kwanza. Akakataa na ya pili. Mtu mwenye spika wakati wa uchaguzi, anasema, hana tofauti na mtu aliyebeba mafuta ya taa jikoni. Lakini Akello hakumwachia, na hatimaye akakubali kwa masharti yake mwenyewe.

"Sisomi watu," anaeleza. "Nasoma shida. Nasema shida ya leo ni karo, halafu nasema kila mmoja ameahidi nini kuhusu karo. Kila mmoja anapata pumzi tatu. Pumzi ya tatu ikiisha, nanyamaza, hata kama sentensi haijafika mwisho."

Kila Jumamosi anayetangulia hubadilishwa. Mawakala wa wagombea wote huketi kwenye benchi chini ya dirisha, na husomewa kwanza kabla spika hazijawashwa, ili anayeona amebanwa aseme mapema. Watu wakazoea. Wakajua kwamba kuhusu karo Kinu anataka shule za serikali zisichangishe wazazi hata senti, Birika anataka watoto walishwe chakula cha mchana kwanza, na Taa anataka pesa zipelekwe kwenye vyuo vya ufundi. Kuhusu umeme wa mashine za kusaga, Birika na Taa waligongana kabisa, na Kinu hakusema lolote. Juwairiya alizivuta pumzi zake tatu kimya hewani, watu wakacheka hadi machozi.

Husoma kwa Kiswahili kwa sababu mtaa umechanganyika: Wasoga, wafanyabiashara wa Kigisu, wake wa askari kutoka kaskazini. Lakini Kiswahili nacho kina mambo yake hapa. Wako wazee ambao wakikisikia kwa ukali hukumbuka enzi za wanajeshi.

"Nikisema haraka, mzee mmoja ananiuliza kama jeshi limetoka kambini," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Kwa hiyo nasema polepole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi ya soko, mambo yaliharibika.

Asubuhi hiyo alikuja Shamim, binti wa Mzee Sebit, askari mstaafu aliyekuwa akishona nguo karibu na Kimaka. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri na angezikwa siku hiyo hiyo. Mawakala walikuwa tayari kwenye benchi wakisubiri usomaji wa dawa, lakini msiba hutangulia. Juwairiya akachukua kijiko, akagonga. Soko likanyamaza.

Kabla hajataja jina, simu ya Shamim ililia. Shamim akasikiliza, kisha akamshika Juwairiya mkono. "Ngoja, mama. Wanabadilisha saa ya kuzika."

Spika zilikuwa wazi na watu wamesimama chini wakisubiri. Juwairiya hapendi spika iliyonyamaza. Anasema watu hudhani umeme umekatika na huanza kuondoka. Akasoma kilichokuwa mbele yake.

"Mgombea wa Kinu," alisema.

Alitaka kuendelea, "anasema kuhusu dawa." Hakufika hapo. Mwanamke mmoja alipiga ukelele sokoni, mwingine akaupokea, na milango iliyokuwa imeshushwa nusu ikashushwa yote.

"Mimi nasikia kijiko, nasikia Kinu," anasema Akello. "Nitangoja nini tena? Nikajua amekufa. Nikaacha dagaa hapo hapo."

Vijana wa Kinu waliwafuata vijana wa Birika wakiwauliza wamemfanya nini mtu wao. Jiwe likarushwa. Juwairiya alipiga kelele kwenye maiki: hajafa, yuko hai, hajafa. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kuamini kwamba kuna mtu nyuma yake anayemlazimisha kuficha.

Habari zilifika Mbale kabla hata vumbi la Mafubira halijatulia. Mfanyabiashara mmoja alipiga simu, na katika eneo la viwanda la mji huo mashine ya kusaga ikazimwa. Nje ya mashine hiyo ndipo mama mzazi wa Juwairiya, Hajati Sauya, huuza pumba za mahindi.

Nilimkuta Hajati akipepeta pumba. "Zamani tukisikia mkubwa amekufa, tulifunga mlango kwanza, ndiyo tuulize," aliniambia. "Miguu yangu haikusahau. Nikaingiza magunia ndani. Halafu wakasema aliyetangaza ni Juwairiya wa Mafubira. Nikakaa chini. Nikasema, basi, mtoto wangu wanamchukua."

Alimpigia simu bintiye. "Mwanangu, wewe ndiye umesema?" Juwairiya anakumbuka kwamba alilia, na maiki ilikuwa bado wazi.

Aliyeokoa siku ni mwenyekiti wa kijiji, Waiswa, ambaye alipanda juu akihema na kueleza kosa lile kwa Kisoga. Sauti tofauti, lugha tofauti, watu wakaanza kusikiliza. Waliojeruhiwa ni wachache, na kwa michubuko tu. Jioni mgombea mwenyewe alisikika redioni akihutubia mahali pengine, mzima wa afya.

Ila katika vurugu hiyo Mzee Sebit hakutangazwa. Alizikwa alasiri na watu wasiojaza hata mkeka.

"Walikuja majirani wa ukuta mmoja na sisi," anasema Shamim kwa sauti ya chini. "Baba alishonea nusu ya Mafubira nguo. Wengi walijua baada ya siku mbili. Wanakuja wananiuliza kwa nini sikuwaambia."

Ukitaja jina la Sebit, Juwairiya huinamisha kichwa. Anasema hilo ndilo linalomwamsha usingizini, si polisi.

Ingawa polisi nao hawajaisha. Mkuu wa kituo kidogo cha mtaani, anayeitwa Afande Jude na kila mtu, alimwita na kumsikiliza kwa utulivu. Alimwachia kwa onyo moja. "Mama, safari hii nimeelewa," Juwairiya anamnukuu. "Ikirudia kabla ya kura, hizo spika zinashuka."

Zikishuka, Juwairiya hana kazi nyingine, na Mafubira haina njia nyingine ya kuitana kwenye misiba yake.

Kisha kuna Douglas Mukama, wakala wa Kinu. Yeye alitaka fidia: Kinu asomwe peke yake hadi siku ya kura. Mawakala wa Birika na Taa wakasema ikiwa hivyo wao hawataketi tena kwenye benchi, na watawaambia watu kwamba spika zimenunuliwa.

Ni rahisi kumwona Douglas kama mkorofi, lakini ukimsikiliza utaelewa. "Mama yangu alianguka sokoni siku ile," anasema. "Alianguka kwa kusikia mtu wetu amekufa. Unafikiri nafanya mchezo? Kila neno lake sasa nalirekodi."

Juwairiya alimpelekea pole mama huyo, na sukari. Lakini Kinu hakumwongezea hata pumzi ya nne.

"Nikimwongezea yeye, nimewapunguzia wengine," anasema. "Halafu Akello atajuaje nani wa kweli? Bora spika zishushwe nikiwa sijampendelea mtu."

Anasema hivyo, lakini vidole vyake vinasokota ncha ya mtandio tangu nilipoingia.

Kilichomvunja nguvu kuliko yote kilitokea wiki iliyopita. Mama mmoja alifiwa, Juwairiya akagonga kijiko, na hakuna aliyesimama. Bodaboda zilipita. Kijana mmoja akapaza sauti, "Leo nani, Birika?" na soko likacheka. Mfiwa alikuwa amekaa hapo hapo chumbani, akisikia kicheko kile.

"Nilitamani sakafu inimeze," anasema Juwairiya. "Kijiko kilikuwa cha watu wote. Mimi nimekiharibu."

Leo ni Jumamosi ya mwisho kabla ya kura. Usomaji wa dawa, uliokatishwa siku ile, haujafanyika mpaka sasa. Chini ya dirisha benchi limejaa: wakala wa Taa, wa Birika, na Douglas, simu yake imeelekezwa juu. Upande wa pili wa barabara Afande Jude anakunywa chai na wala hajifichi. Kabla ya dawa kuna tangazo la dua ya Mzee Sebit, itakayosomwa kesho nyumbani kwake, na Shamim amekaa kwenye kigoda kando ya maiki.

Juwairiya anatazama kijiko tena. Kisha anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu apande kwenye chumba hiki. Anampa Shamim kijiko na mfuniko.

"Gonga wewe," anamwambia. "Ni baba yako."

Shamim anamtazama kana kwamba hakusikia. Halafu anagonga, kwa nguvu kupita ilivyozoeleka, na mlio unatoka kwenye spika ukiwa umepinda.

Barabarani pikipiki inapita. Nyingine inapita. Akello, aliyekuwa akipanga dagaa, anasimama wima na kukunja mikono kifuani. Muuza chapati anamwona, anainua chapati yake. Injini moja inazimwa, kisha ya jirani yake, kisha nyingine huku na huku, mpaka kunabaki sauti ya kuku tu.

"Sebit," anasema Juwairiya. "Sebit, fundi wa nguo wa Kimaka."

Anataja nyumba na saa ya dua. Anaomba radhi yeye mwenyewe kwamba tangazo hili limechelewa. Shamim anajifuta macho kwa ukingo wa kanga, na kijiko bado kiko mkononi mwake.

Kuanzia leo, Juwairiya ananieleza akiwa ameziba maiki kwa kiganja, hatakigusa tena. Mwenye msiba ndiye atakayegonga, na kijiko kitalala kwa aliyefiwa wa mwisho mpaka atakapokuja mwingine kukichukua. Kura zikipita, kama spika zitakuwa bado ziko juu, anataka kuendelea kusoma: mshindi alisema nini kuhusu dawa, na dawa iko wapi. Kwa pumzi zile zile tatu.

"Kama zitakuwa bado ziko juu," anarudia, na macho yanamkimbilia Afande Jude.

Anaondoa kiganja. Chini Douglas anainua simu juu zaidi kuelekea kwenye spika. Wenye maduka bado hawajapandisha milango. Wanasubiri kujua kinachofuata.

Juwairiya anavuta pumzi ya kwanza.

"Sasa ni habari za wagombea," anasema, polepole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Hakuna aliyekufa. Shida ya leo ni dawa, na tunaanza na Taa. Hakuna aliyekufa, jamani. Kaeni msikilize."