Insha Nyuma ya Kioo

Walimu wa Idara ya Falsafa, Dini na Maadili walikuja na kuondoka, wengine na shahada za ng'ambo, wengine na vikohozi vyao tu. Mtu aliyeijua idara hiyo nje ndani alikuwa mwanamke mmoja mwenye ndoo ya bluu na bunda la funguo kiunoni. Aliifagia kwa miaka ishirini na miwili. Alijua kwamba mwalimu wa mantiki hutafuta miwani yake kila wiki nayo iko kichwani. Alijua kwamba mwalimu wa dini huacha kikombe cha chai mezani mpaka kiote ukungu. Alijua pia kwamba yule wa maadili, mzee wa sauti nzito anayefundisha habari za haki na dhuluma, hujaza karatasi za chooni za idara kwenye mkoba wake kila Ijumaa. Haya yote aliyasimulia nyumbani wakati wa kula, akiigiza sauti na mwendo wa kila mmoja, na binti wa marehemu kaka yake akacheka mpaka tonge likampalia.

Binti huyo jamaa wote walimwita Profesa. Jina hilo alilipata siku alipochaguliwa kusoma katika idara ileile iliyofagiliwa na shangazi yake. Ndugu walipouliza falsafa inampa mtu kazi gani, shangazi aliwajibu kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

"Kazi ya kufikiri. Kwani ninyi kufikiri kumewakosea nini?"

Shangazi ndiye aliyemlea. Baba yake alifariki kabla binti hajaota meno, na alipofikisha miaka sita mama yake akalazwa hospitali na hakurudi. Mtoto alilia siku tatu. Alikataa kula, alikataa kuoga, alijikunyata nyuma ya mlango wa chumba na kila aliyemsogelea alimng'ata. Siku ya nne shangazi alikaa sakafuni karibu naye, sahani mkononi.

"Mama yako alikutaja mwishoni," alimwambia. "Alisema, 'Mwambieni mwanangu asiogope.'"

Mtoto akala.

Maneno yale alikua nayo. Siku ya kwanza ya shule aliyasema moyoni, siku ya kung'olewa jino aliyasema, na kwenye chumba cha mtihani aliyasema kabla ya kugeuza karatasi. Mwambieni mwanangu asiogope. Wenzake walikuwa na picha za mama zao. Yeye alikuwa na maneno matatu, na kwa kweli alijiona hajapunjwa.

Sasa ilitokea Jumamosi moja, Profesa akiwa mwaka wa pili. Wawili hao walikuwa wakipiga pasi nguo za wiki, na binti akamuuliza shangazi yake, kwa kupitisha muda tu, mama alisema kwa sauti gani siku ile. Shangazi aliisimamisha pasi.

"Mwanangu, umeshakuwa mtu mzima," alisema. "Na unasoma mambo ya ukweli, sitaki uwe unaegemea kitu ambacho hakipo. Mama yako hakusema kitu. Siku nne za mwisho hakufumbua mdomo. Niliyatunga mimi, maana ulikuwa huli na niliogopa nitakupoteza na wewe."

Profesa alimshukuru. Alimkumbatia hata, na wakamaliza nguo zilizobaki. Lakini maneno yale yalikuwa yamemtoka mkononi, na moyoni alibaki na kidonda, asijue amlaumu nani.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa maadili akatoa kazi. Alikuwa na desturi yake, ambayo wanafunzi waliiogopa na kuitamani: kila mmoja achukue tukio la kweli alilolishuhudia, asitaje jina la mtu, alipime kwa hoja, kisha alitolee hukumu. Insha itakayoshinda hubandikwa kwenye ubao wa kioo mlangoni mwa idara kwa siku kumi na nne, ikiwa na namba ya mtihani tu. Profesa hakuhangaika kutafuta tukio. Aliandika kuhusu mwanamke mmoja aliyemdanganya yatima.

Aliandika vizuri, hilo tusimnyime. Alipanga hoja za kumtetea mwanamke yule, akazibomoa moja moja. Aliandika kwamba aliyedanganywa kwa huruma ameibiwa mara mbili, ameibiwa ukweli na ameibiwa huzuni yake mwenyewe. Alipofika ukurasa wa nne aliona hukumu yake bado ina huruma mno, na mwalimu alikuwa amewafundisha wasiogope kuchimba nia ya mtu. Basi akaongeza sentensi moja: "Mwanamke huyu hakumdanganya mtoto kwa sababu alimpenda, bali kwa sababu alichoshwa na kilio chake."

Sentensi hiyo haikuwa kweli, na alipoiandika alijua. Insha nzima inalaani uongo, na uongo mkubwa kuliko wote ulikuwa humo humo, umevalishwa suti na tai. Aliusoma mara mbili, akaona unasomeka vizuri, akauacha.

Ilipata alama za juu kuliko zote. Mwalimu alichora mstari mwekundu chini ya sentensi ile, na pembeni akaandika: "Ujasiri!"

Na je, hakukumbuka ni nani anayesafisha ubao ule? Hapa ndipo uchungu wenyewe ulipo. Alikumbuka. Shangazi alikuwa na ufunguo mdogo wa kioo kile kwenye bunda lake, akikisugua kila asubuhi ndani na nje kwa gazeti lililoloweshwa. Matokeo yakibandikwa, yeye huyaona kabla ya mwanafunzi yeyote, akifuatisha orodha kwa kidole huku midomo inacheza, halafu jioni anaingia nyumbani kwa shangwe: "Profesa, mantiki sitini na nane! Namba yako naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa!" Profesa aliyajua yote haya. Ila alijiambia kwamba shangazi husoma orodha, hasomi insha. Kurasa nne zilizopigwa chapa, zenye maneno magumu, mtu wa ndoo na fagio atazifanyia nini? Hivyo ndivyo alivyowaza, binti aliyefika chuoni kwa mgongo wa ndoo hiyohiyo.

Jumatatu insha ilipobandikwa, shangazi alirudi nyumbani saa zake za kawaida. Alipika, akapakua, akakaa kula. Hakumwigiza mwalimu yeyote. Profesa alidhani amechoka.

Siku zilizofuata ndipo vituko vilipoanza. Shangazi, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwapamba watu kwa maneno matamu, alianza kusema kweli tupu.

"Shangazi, gauni hili limenikaa?"

"Halijakukaa. Limekubana mgongoni."

Jirani alimletea chakula aonje, akaambiwa chumvi imezidi. Mwalimu wa dini alimuuliza kama amelala salama, akajibiwa hapana, goti lilimuuma mpaka kumekucha. Mama mmoja wa mtaa alimwonyesha mjukuu wake mchanga na kusema, mwone alivyofanana na babu yake, shangazi akamtazama mtoto kwa makini na kusema haoni. Ndugu walicheka mpaka machozi. Walisema bibi huyu amekula chumvi nyingi, sasa ulimi hauna breki. Profesa naye alicheka.

Aliendelea kucheka mpaka siku moja wakichambua mchele, alipouliza kama mama yake alipenda kuimba. Ni swali alilowahi kuliuliza mara nyingi, na kila mara shangazi humjibu kwa hadithi ndefu, mara mama aliimba akifua, mara aliimba mpaka wapangaji wakagonga ukuta. Safari hii shangazi hakuinua macho kwenye ungo.

"Sina hakika," alisema. "Nisije nikakudanganya."

Hapo Profesa akajua kwamba insha imesomwa. Kesho yake alifika idarani mapema kuliko walimu, akasimama mbele ya ubao. Insha ilikuwa palepale, siku ya kumi na mbili. Kioo kilikuwa kinang'aa, hakina hata alama ya kidole. Shangazi alikuwa na ufunguo. Angeweza kuichomoa karatasi ile, akaichana, akaitia kwenye ndoo, na hakuna ambaye angeuliza. Badala yake alikuwa amefika pale asubuhi kumi na mbili mfululizo, akafungua, akafuta vumbi juu ya maneno yale yaliyopigiwa mstari mwekundu, akafunga.

Kilichotakiwa hapo kilikuwa kidogo tu. Aende nyumbani, apige magoti, aseme: shangazi, sentensi ile ni ya uongo, nilijua ni ya uongo, nisamehe. Mtoto wa miaka sita angeweza. Lakini Profesa alikuwa amesoma. Aliipanga radhi yake kichwani kama insha, ina utangulizi, ina hoja tatu, na kila akitaka kuianza anaona hoja ya pili bado haijakaa sawa. Wiki ikapita, muhula ukapita. Siku ya mahafali, shangazi akiwa amevaa viatu vipya vilivyomuumiza, Profesa alipiga moyo konde.

"Shangazi, yale maandishi ya kwenye ubao..."

"Nimefurahi umemaliza," shangazi alimkatiza. "Na hiyo ni kweli kabisa."

Akamrekebisha kola ya joho, wakapiga picha. Mlango ulifungwa hapo, na Profesa akaona aibu kukiri jinsi alivyoshusha pumzi ulipofungwa.

Alipata kazi ya kufundisha maadili katika chuo cha wauguzi. Kazi aliifanya vizuri na wanafunzi walimpenda. Kulikuwa na sura moja tu kwenye mtaala iliyomshinda, ile ya namna ya kuzungumza na mgonjwa na jamaa zake. Kila mwaka akiifikia aliwaambia wanafunzi waisome wenyewe. Mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini, akamjibu kwamba muda hautoshi.

Shangazi alistaafu, akakaa kwake na redio yake, akiendelea kuwaambia watu ukweli wao. Profesa alimtembelea kila Jumapili. Waliongea habari za bei, za magoti, za mtoto pekee wa shangazi, dereva wa lori ambaye maisha yake yalikuwa barabarani. Marehemu mama yake Profesa hakutajwa tena. Nyumba ile iliyokuwa ikijaa vicheko ikawa nyumba ya majibu sahihi.

Halafu kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalala, na ulimi nao ukalala. Profesa aliomba ruhusa kazini akahamia hospitali, akamgeuza, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Siku ya tatu, mchana, wodi ikiwa tulivu, aliona kwamba asiposema leo hatasema tena. Hoja zote tatu zilimtoroka.

"Shangazi, nilidanganya," alisema. "Hukuchoshwa na kilio changu. Nilijua hukuchoshwa. Niliandika ili nisifiwe."

Shangazi alimtazama kwa jicho moja lililokuwa bado linatii. Midomo ilicheza kidogo, kama ilivyokuwa ikicheza zamani mbele ya ubao. Labda alikuwa anasema neno. Labda alitaka maji. Profesa alimpa maji. Aliinama mpaka sikio likagusa mdomo, akangoja, akasikia pumzi tu. Siku mbili baadaye, wauguzi wakibadilishana zamu za asubuhi, pumzi nayo ikakoma.

Mtoto wa shangazi alifika kesho yake mchana, na vumbi la safari bado liko kwenye nyusi. Alikuta mama yake ameshazikwa. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni kwa marehemu, mwanamume wa mwili mkubwa, akawa anageuza kofia mkononi. Watu walimletea chakula, akakisukuma. Wakamletea tena, akakisukuma tena. Mwishowe Profesa alichukua sahani, akaenda kukaa karibu naye.

"Dada," dereva alisema bila kumtazama, "mama alisema chochote mwishoni?"

Mwalimu wa maadili wa chuo cha wauguzi hakupima hoja hata moja.

"Alikutaja," alisema. "Alisema, 'Mwanangu akija msimwache na njaa.'"

Dereva alifunika uso kwa kofia yake, akalia kwa sauti. Alilia kwa muda mrefu. Kisha akajifuta, akavuta sahani, akaanza kula. Profesa alimwangalia akitafuna, na kwa mara ya kwanza akaona alichokiona shangazi nyuma ya mlango wa chumba, miaka yote ile iliyopita. Hakukuwa na uchovu wowote ndani yake.

Tonge la tatu au la nne, dereva aliacha kutafuna.

"Na wewe je, dada? Wewe alikwambia nini?"

"Mimi hakuniambia kitu."

Alisema hivyo, halafu akangoja. Alijikuta anamkodolea macho ndugu yake, akiomba kimoyomoyo aseme chochote, kwamba shangazi alimpenda, kwamba alimsamehe zamani, kwamba aliwahi kumwambia hivyo kwenye simu. Neno lolote, hata la kutunga. Angelipokea kwa mikono miwili na asingeliuliza swali.

Lakini dereva alikuwa mtu mnyoofu, asiyejua mambo hayo.

"Pole, dada," alisema, akaendelea kula.