Tulivyoifuata Pua ya Salma Dar

Mwaka ule ndio tuliofuturu magimbi ya kuchemsha Ramadhani nzima, kwa kuwa nazi zilikuwa adimu Bagamoyo na wali wa chukuchuku, usiotiwa nazi, ulishatuchosha. Mkiukumbuka mwaka huo, mnamkumbuka na mjukuu wangu Salma alivyokuwa akila. Pua haikupitisha hewa. Akimeza tonge anatweta kwanza, mdomo wazi, ndipo anatia jingine.

Nasema wazi, pua aliiharibu mwenyewe. Alimpata mtu huko mjini wa kumchongoa, akamtia kipande cha plastiki ndani. Kikaoza, kikatolewa, pua ikabonyea katikati kama sufuria iliyoangushwa. Wenzangu waliulilia uzuri wa msichana. Mimi nililia kwa jingine. Pua ile ilikuwa ya mama yake, Rukia, mwanangu niliyemzika Salma akiwa bado ananyonya. Pua pana, imetulia usoni kama mtu aliyekaa kitako barazani. Salma alipozaliwa niliikanda kwa mafuta ya moto siku arobaini ili iinuke, kama tunavyowafanyia watoto wetu wote. Ikakataa, ikatoka ya mama yake vilevile. Rukia hakuniachia picha hata moja. Uso wa Salma ndio uliokuwa picha yangu.

Asubuhi ya kuondoka kumpeleka hospitali Dar, gari ya kukodi ilitufuata mlangoni kwetu, Dunda, hapo hapo Bagamoyo. Hatujafika Mapinga, Salma kashalala, pua inapiga filimbi. Dereva akaongeza sauti ya redio.

"Punguza, baba," nikamwambia. "Huyo ni mgonjwa, si kelele."

Akapunguza. Njia nzima hadi Bunju nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto, naogopa ile itakayokosekana.

Tegeta tulifikia kwa wifi yangu Tatu. Hata hatujavua viatu, kaanza.

"Huyu ndiye aliyeichoka pua ya ukoo?"

"Wifi, tumekuja kulala, hatukuja kusutwa."

"Mwache ajibu! Na wewe ungepata fundi, hiyo yako ingebaki?"

Tukacheka mpaka Salma akashika ukuta atafute pumzi.

Kesho yake, hospitalini. Daktari ni kijana, lakini ana adabu. Akanipa shikamoo kabla hajagusa makaratasi.

"Tutachukua gegedu kwenye ubavu wake, tulichonge, tuisimamishe pua upya," akasema. "Gegedu unalijua, bibi?"

"Kile cheupe cha kidari cha kuku, kinacholia ukikitafuna?"

"Hichohicho."

"Basi chukua kwangu. Huyu ameshakatwa vya kutosha."

"Kwako kumeshakuwa mfupa, bibi yangu. Na mwili wake unapenda cha kwake."

Nikamuuliza kama ataweza kuirudisha ile ya zamani. Akatazama picha za Salma za nyuma, akatazama uso, akavuta pumzi. Ngozi imesinyaa, akasema. Ampe hewa kwanza, sura itafuata. Salma akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo: Mola, iwe ya Rukia.

Siku ya upasuaji aliingia asubuhi, akatoka adhuhuri imeshaadhiniwa. Bandeji usoni, bandeji ubavuni.

"Ubavu ndio unaouma, bibi. Pua siisikii."

Hapo nikafanya kosa langu. Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi, nilichokificha miezi yote ile ya uhaba. Nikakipasha moto kwenye kikombe cha maji ya chai, nikachovya vidole. Mkono ukaenda wenyewe, kama ulivyokwenda siku zile arobaini. Nesi akaudaka hewani.

"Bibi! Ikisogea hiyo tunaanza upya!"

Niliona haya mimi, mtu mzima, vidole vinachuruzika mafuta.

Walipofungua bandeji, pua ilikuwa imevimba lakini imesimama, nyembamba, imenyooka. Nilimtafuta Rukia pale, nikamtafuta tena kwa upande. Hayupo. Daktari aliniona.

"Mwakani tukitaka tunaweza kuipanua ikaribie ya zamani," akasema. "Ila itabidi tuchukue tena ubavuni."

Wakati wa kurudi, Salma alilala tangu Boko hadi Kerege, mdomo umefumbwa. Dereva aliwasha redio, nami sikumkataza, kwa kuwa hapakuwa na filimbi ya kufunika.

Tulifika Dunda alasiri. Mtaniuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba mtu unaweza kumlilia maiti mpaka ukamwonea wivu aliye hai kwa uso wake mwenyewe. Sikujua kama ninayo roho hiyo. Ninayo.

Salma alikaa nami mkekani, kiganja kimeshika ubavu.

"Bibi, unaniangalia sana."

"Macho yangu hayo, niyapeleke wapi?"

"Unamtafuta mama." Akaguna kwa maumivu akijisogeza karibu. "Mwakani nitarudi kwa daktari. Achukue tena, aipanue. Nikurudishie."

Wallahi nilitaka. Sikutaka jingine duniani ila kumwona mwanangu akigeuza uso mara moja tu, aniitikie. Nikautazama mkono wa yule mtoto ulivyougandamiza ubavu.

"Hukatwi tena. Pumua, nikusikie."

"Bibi, ni kidogo tu. Na mimi niko radhi."

"Hukatwi tena. Pumua, nikusikie."