Mama Dobi wa Kwenye Kompyuta

Kompyuta ilifika nyumbani kwetu Kawajense, mjini Mpanda, juu ya mkokoteni, imefungwa blanketi na kukazwa kwa kamba za katani. Aliyeileta alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa fundi wa mradi mmoja uliohudumia wakimbizi. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na alikuwa anarudi Dar es Salaam kwa treni. Msimu ule wa mvua reli ya kuelekea Tabora ilikuwa inasombwa mara kwa mara, na mizigo ilikuwa inalala njiani hadi kuloa. Akaona heri aiache kwetu mpaka kiangazi.

"Itumieni tu, dada," aliniambia. "Ikikaa bila kuwashwa, unyevu utaiua."

Sikujua kama ni kweli au alisema hivyo ili tusiione mzigo. Tuliiweka sebuleni, kwenye meza ya kulia chakula, kwa sababu hapakuwa na meza nyingine.

Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mama na mimi. Baba alikuwa polisi mstaafu, mpelelezi, aliyezungushwa mikoa mingi kabla ya kurudi kujenga Mpanda. Mwaka uliotangulia, asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu aende kanisani, alianguka. Uhai ulibaki, lakini upande wa kulia ulipooza na maneno yakamtoka yote isipokuwa moja: "haya". Akitaka maji alisema haya. Akikasirika, haya. Wageni wakiaga, haya. Hospitali walisema akili yake ni nzima, anasikia na kuelewa kila kitu, ila njia ya kutolea maneno ndiyo imeziba. Tumfanyishe mazoezi na tumzungumzishe. Kwa ajili hiyo niliomba uhamisho kutoka Mwese, nilikokuwa nafundisha shule ya msingi, nikarudi mjini.

Mazoezi niliyaweza. Kumzungumzisha kulinishinda. Utamzungumzisha vipi mtu ambaye maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa anauliza? Tulipokuwa wadogo, kikombe kikivunjika, tulipangwa ukutani na kuulizwa mmoja mmoja, kwa sauti iliyofika kwa majirani. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nakaa mbele yake na kuuliza kama amelala vizuri, kama mguu unauma, kama chai ina sukari ya kutosha. Aliniangalia kama mtu anayetukanwa.

Kabla ya kuondoka, binamu alitumia jioni mbili kunifundisha kompyuta. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta na ulikuwa unakuja jioni, siku ukija. Kwanza alinionyesha namna ya kuchapa barua. Kisha akasema, "Sasa nikuonyeshe kitu kitamu," akafungua gemu.

Ilikuwa gemu ya upelelezi. Hapakuwa na magari wala kupigana. Ulikuwa mji mmoja wa bandari, wa baridi, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa amekutwa amekufa ghalani. Wewe ni mpelelezi mgeni. Unakwenda nyumba kwa nyumba, sura ya mtu inatokea kwenye kioo, chini yake maneno yake kwa Kiingereza, na chini zaidi maswali manne yenye namba. Unachagua namba, mtu anajibu, yanakuja maswali mengine. Kazi ilikuwa ni kuongea tu.

"Sikiliza, maana wengi wanakosea mwanzoni," binamu alisema. "Kabla hujaanza wanakupa pointi ugawe. Kuna ubavu, kuna kumbukumbu, kuna kusoma nyuso, kuna upole wa ulimi. Usirundike zote sehemu moja. Halafu ongea na kila mtu, hata muuza mikate, hata yule mlevi wa gatini. Usikimbilie swali la mauaji. Uliza habari za kazi kwanza, za watoto. Mtu akishakufungia mlango, amekufungia."

"Nikikosea?"

"Sevu, yaani hifadhi ulipofika, kabla ya kugonga mlango wowote mkubwa. Lakini usirudi nyuma kila ukikosea. Mambo mengine mpaka uharibu ndiyo unayaona."

"Kwa hiyo nirudi au nisirudi?"

Alicheka. Wakati huo ndipo tuliposikia kiti kikiburuzwa. Baba alikuwa anajisogeza mezani kwa mguu wake mmoja mzima. Alifika, akainama mbele ya kioo, akaitazama sura ya muuza mikate kwa muda mrefu.

"Haya," alisema, na sauti ile sikuwa nimeisikia tangu augue. Binamu alinipiga kikumbo. "Mjomba amerudi kazini," alisema.

Binamu alipoondoka tulianza, baba na mimi. Niliketi kwenye kibodi, yeye pembeni. Nilisoma Kiingereza kimoyomoyo, nikakigeuza Kiswahili kwa sauti, na yeye akanyoosha vidole vya mkono wa kushoto: kimoja, viwili, vitatu au vinne. Ilipofika zamu ya kugawa pointi nilimweleza kila neno. Alinyoosha kidole kwenye ubavu. Nikaweka moja. Akanyoosha tena hapohapo. Nikamwambia, "Baba, binamu amesema tusirundike." Akagonga meza. Nikarundika.

Wiki za kwanza zilikuwa za furaha, nisiseme uongo. Nilikuwa natoka shule nimechoka, darasa lina watoto wengi kuliko madawati, nakuta baba ameshaogeshwa na mama, ameketi mezani na shati la kola, anasubiri umeme. Tulimhoji mlevi, akatetemeka na kutuambia mengi. Tulimhoji kijana wa stoo, akalia na kukiri kwamba aliiba mishumaa. Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika, nusu ya uso ikitabasamu.

Kisha tukafika kwa mama dobi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amefunga kitambaa kichwani. Ndiye aliyekuwa anafua mashuka ya ile nyumba ya wageni, na kila mtu mjini alikuwa ametuambia hivyohivyo: muulizeni dobi. Tuligonga. Akafungua mlango kidogo tu, akauliza tunataka nini. Nikasoma maswali manne. La kwanza lilikuwa la kumtisha kwamba atafungwa. La pili lilikuwa la kumwambia kuwa ameonekana. La tatu, kuuliza mashuka ya siku ile yako wapi. La nne, kuuliza hali ya mtoto wake aliyekuwa anakohoa ndani.

Baba alinyoosha kidole kimoja.

Mlango ukafungwa. Kioo kikaandika kwamba dobi hatazungumza nasi tena. Nilikuwa nimesevu, nikarudisha. Baba akanyoosha kidole kimoja tena. Ukafungwa. Siku iliyofuata, kimoja. Siku nyingine alionyesha viwili, nikapata matumaini, lakini jibu lilikuwa lilelile. Tuliuzunguka mji mzima kutafuta njia nyingine, na kila njia ilituleta kwenye mlango ule.

"Baba, tujaribu la nne," nilimwambia.

"Haya!" Akapiga meza hadi kikombe kikaruka.

Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la tatu, kwamba binamu alisema tusikimbilie mauaji. Uso wake ulijaa damu. Alifungua mdomo na nikaona kabisa kwamba alikuwa na hoja, hoja ndefu, labda ya kesi fulani ya zamani ambapo upole ulimponza. Ikatoka haya, haya, haya. Kisha akaanza kulia. Tangu augue alikuwa analia upesi, na mimi nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu.

Mama alikuwa mkekani karibu na mlango, akichambua mchele wa kwao Mpimbwe. Hakuwa amewahi kuitazama ile kompyuta zaidi ya kuifuta vumbi. Aliongea bila kuinua kichwa.

"Hata mimi ningekuwa huyo mama, ningefunga."

Baba alimgeukia. Mama aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, akiyarusha nje moja moja. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi kuliko umri wangu, na nilielewa kwamba yale hayakuwa maneno ya gemu. Nilitamani niondoke sebuleni, lakini baba hakuweza kuinuka mwenyewe na mimi ndiye niliyekuwa namwinua. Nikabaki nimekaa katikati yao, natazama kibodi.

"Haya," baba alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Ilikuwa haya ya kukubali, au ya kukasirika, au ya kumwambia anyamaze. Mama naye alimtazama akitafuta ipi, hakuipata, akarudi kwenye mchele.

Kesho yake baba alinyoosha vidole vinne. Nikabonyeza kwa haraka kabla hajabadili mawazo. Mpelelezi wetu akauliza hali ya mtoto. Kompyuta ikarusha dadu zake za kwenye kioo, ikapima upole wa ulimi wetu, ambao haukuwa na hata pointi moja. Dobi akasema anatambua mtu anayejifanya mwema. Akafunga.

Sikujua namna ya kumweleza. Alikuwa amefanya kile ambacho nadhani hakuwahi kukifanya kabla, na kimekataliwa. Nilimwambia kwamba kosa si swali, kosa ni pointi, na pointi hazirudi, mpaka tuanze upya kabisa. Aliendelea kuutazama mlango ule hadi umeme ulipokatika. Nilimlaza bila mazoezi.

Tulianza upya. Safari hii alinyoosha kidole kwenye upole, kwenye kusoma nyuso, kwenye kumbukumbu, na ubavu tukauachia kidogo. Tulikwenda polepole. Muuza mikate alituuliza kama tumekula. Mlevi alitusimulia habari za mke wake. Kuna siku baba alinionyesha kwa kidole nirudie jibu fulani, nikarudia mara tatu, naye akalisikiliza amefumba macho. Mama alianza kuja kukaa kwenye kiti cha tatu.

Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho tulipogonga tena kwa dobi. Vidole vinne. Dadu zikarushwa. Mlango ukafunguka wote, tukaingia ndani, na dobi akaanza kusema.

Alisema sana. Maneno yalijaza kioo, nikabonyeza, yakajaa tena. Na mimi sikuelewa kitu. Wale wengine wote walikuwa wakiongea Kiingereza cha vitabuni, cha shuleni. Huyu aliandikwa jinsi watu wa kwao wanavyotamka, maneno yamekatwa mikia, herufi zimerukwa, majina ya vitu vya baharini na vya kufulia ambavyo sikuwahi kuvisikia. Kamusi yangu ya chuo cha ualimu haikuwa nayo hata moja.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Baba alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, na nilishafanya mitihani mingi.

"Anasema... kuna mtu alikuja na taa," nilijibu. Hilo nililipata. "Na kitu kuhusu chumvi. Au mchanga." Nikasoma tena tangu mwanzo. "Baba, sielewi. Ni Kiingereza cha kwao."

Nilisevu pale. Nilimwomba mwalimu mwenzangu wa sekondari aliyefundisha Kiingereza apitie nyumbani. Alikuja, akavua miwani, akaivaa, akasoma midomo ikicheza. "Hii siyo lugha," alisema, akaomba maji ya kunywa. Nilifikiria kumwita padri mmoja mgeni wa parokia, aliyetoka nchi za baridi, lakini alikuwa vijijini kwa ziara ya ubatizo, na barabara zilikuwa hazipitiki. Kila jioni baba alitaka nimfungulie palepale. Nilimsomea kwa Kiingereza kama kilivyo, bila kukigeuza, kwa sababu hicho ndicho alichotaka. Alisikiliza sauti tu. Mama naye alisikiliza.

Padri hajarudi, radi ikapiga nyaya za umeme upande wa kwetu. Kompyuta ilikuwa imezimwa lakini waya haukuchomolewa. Ilitoa harufu ya mpira kuungua, na haikuwaka tena. Nilijaribu kubonyeza kila kitu. Baba alinyoosha vidole vinne, nikatikisa kichwa. Akanyoosha tena.

Binamu alikuja kiangazi. Niliogopa kumwambia, lakini aliinua mabega tu, akasema mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Tulikuwa tumeketi wote sebuleni, mama amepika ugali na dagaa wa Ikola, na baba alikuwa analishwa. Nikamuuliza binamu swali ambalo sote watatu tulikuwa tumelibeba.

"Yule dobi alisema nini? Nani aliua?"

Aliacha kutafuna. "Dobi? Yule aliwahi kuongea na nyie?"

"Alituingiza ndani. Akaongea sana."

"Mimi hakuwahi kunifungulia," alisema. "Nilijaribu mwaka mzima. Nikaachia hapo."

"Na yale yote uliyonifundisha?"

"Niliyasikia kwa jamaa wa ofisini."

Baba alianza kutikisika. Bega lake zima lilipanda na kushuka, machozi yakamtiririka, sauti ikamtoka ambayo haikuwa haya. Binamu alidhani anacheka, naye akaanza kucheka. Mama aliweka bakuli chini, akamshika mkono na kumchungulia usoni, kwanza upande huu, kisha upande ule. Mimi nilisimama na kitambaa cha kumfutia, nikisubiri mama aniambie ni kipi, kicheko au kilio.

"Sijui," mama alisema. "Mwache kwanza."