Wembe wa Mpini Mweupe

Usiku ule nililala na hasira zangu zote, hata chakula sikugusa. Mchana tulikuwa tumesoma arobaini ya baba. Watu walipotawanyika, baba mdogo, Mzee Kombo, akatuita mimi na kaka yangu Shabani, akafungua kopo la marehemu. Mlikuwa na nyembe tatu za zamani, zile za kukunja: mmoja una mpini mweupe wa mfupa, mmoja wa mti, mmoja wa pembe nyeusi.

"Mmoja ndio aliojinyolea baba yenu mpaka anakufa," akasema. "Kesho asubuhi, atakayeutambua ndiye mwenye kibanda chake cha kunyolea. Mkichagua mmoja nyote, anachukua mkubwa."

Shabani alitaka kibanda auzie simu. Mimi nilikuwa nimenyoa mle na baba miaka minne, kwa mashine na viwembe vya kutupa, maana wateja wa siku hizi kila kichwa kinataka kiwembe kipya. Nyembe zake za zamani baba alizitumia mwenyewe tu, nyuma ya pazia, na ole wako uziguse.

Shabani akacheka. "Mwanamke na ndevu, wapi na wapi? Halafu wembe wa baba nani asiyeujua? Tangu utoto wetu ni ule mweupe."

Kilichoniuma ni kwamba hata mimi nilijua hivyo hivyo. Kibanda kilikuwa kimeshakwenda.

Basi nikalala, na mara nipo kibandani, ila kibanda ni ua wa nyumbani kwetu na maji yanapita miguuni. Baba amekaa kwenye kiti cha wateja. Ni kijana, meno yote anayo.

"Yallah! Baba, kumbe hukufa?"

Ananishika kidole cha shahada, anakinyoosha, anaufungua wembe mweupe, anaulaza juu yake, pale msumari unaposhika chuma na mpini. Mpini unazama, chuma kinapanda, wembe unatumbukia majini. Anaweka wa mti. Huo unaanguka kwa mbele. Anaweka wa pembe. Unatulia. Umelala sawasawa kama mtoto aliyeshiba.

Nataka kumwambia, baba, huu si wako. Ananigeuzia chuma nikione. Kimeliwa na kinoo mpaka upana umebaki nusu. Shingoni, palipokuwa na jina la kiwanda, zimebaki herufi mbili, nyingine zimefutika kwa kushikwashikwa. Anaweka gumba lake pale, na linakaa barabara.

"Chuma kikiliwa kinakuwa chepesi," akasema. "Mpini mzito utakivuta nyuma, na utamkata mtu. Kitafutie mpini wa kadiri yake."

Tayari ua umejaa wanaume wenye mapovu kidevuni, na wote wananitazama mimi. Baba ameinuka kitini, ananipa mgongo.

"Wanakungoja," akasema.

Nikaamka nacheka peke yangu kitandani. Sikumwambia mtu. Nilioga, nikavaa kanga yangu nzuri, nikaenda kibandani, alikotungoja baba mdogo na lile kopo.

Shabani, hata salamu hajamaliza, keshaukamata ule mweupe. Mimi nikaufungua wa pembe, nikaulaza kidoleni mbele yao. Ukatulia vilevile. Nikawaonyesha chuma kilivyoliwa, nikawaonyesha na zile herufi mbili.

"Baba mdogo, wembe wa baba ni huu. Ule mpini mweupe ulikuwa wake kweli, lakini chuma kilipopungua ukawa mzito, akauvua akakitilia wa pembe. Hicho alichokishika kaka ni chuma kingine kabisa."

Mzee Kombo akauinamia ule wembe. Machozi yakamlengalenga.

"Siku anabadilisha, nyundo niligonga mimi," akasema. "Tulikuwa wawili tu. Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

Shabani akafungua mdomo. "Lakini baba mdogo, mimi ndiye mkubwa..."

"Ukubwa ungekusaidia kama mngelingana. Rudisha wembe koponi."

Kisha mzee wa watu akavua kofia, akaketi kwenye kile kiti cha wateja, akaegemeza kichwa na kuniinulia koo lote, wazi.

"Haya fundi, fanya kazi."

Fundi! Miaka minne mle ndani nilikuwa naitwa binti wa kinyozi. Nikampaka sabuni, nikaupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, nikaanzia chini ya sikio. Nilimnyoa kidevu kizima, na halikutoka hata tone la damu.