Kidole Changu na Maboga ya Bibi

Kila nikifunua sufuria na mvuke wa boga lililopikwa na maharage ukanipiga usoni, husahau kwamba mimi ni mtu mzima mwenye miwani. Harufu ile tamu, nzito, yenye udongo kidogo ndani yake, hunirudisha Gisenyi, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika mwaka ulioanza kwa shangwe na nusura uishe mimi sina kidole. Msicheke. Nilikuwa tayari kukitoa.

Tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe, Tanzania. Mimi nilirudi na Kiswahili cha shule na Kinyarwanda cha kuchechemea, na watoto wa mtaani walikuwa wakiniomba niseme neno lolote tu ili wapate kucheka. Tulipanga nyumba mjini, karibu na ziwa. Bibi yangu, mama yake Baba, ndiye aliyerudi na mzigo mdogo kuliko sote: kipande cha kanga kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo mbegu za maboga. Mama yake alikimbia na mbegu hizo kutoka Rwanda Bibi akiwa msichana. Ugenini walizipanda mwaka hata mwaka, wakila maboga na kuweka mbegu. "Ng'ombe wetu walikufa njiani," alikuwa akisema, "lakini hizi zilifika." Sisi wajukuu tulisema pembeni kwamba anazipenda kuliko anavyotupenda sisi, na sidhani kama tulikosea sana.

Milio ya bunduki ilipotulia milimani, Baba alipata shamba. Jamani, shamba! Mtu aliyelima ardhi ya wenyewe tangu ujana wake! Lilikuwa juu, mbele ya Kanama, kwenye ukingo wa msitu wa Gishwati, na kusema kweli siku tulipolikuta lilikuwa bado ni msitu wenyewe. Wanaume walikata, wakachoma, nasi watoto tukaburuta matawi huku tumejaa masizi hadi masikioni. Kila mti mkubwa ulipoanguka ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zetu, tukapiga kelele za furaha. Kima walikuwa wakitutazama kutoka juu. Baadaye hawakuonekana tena, na hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi.

Siku tamu kuliko zote ilikuwa siku ya mti wa nyuki. Ulikuwa mkubwa, una tundu shinani, na ukiweka sikio kwenye gome ulisikia mvumo ndani yake. "Fuata nyuki ule asali!" Baba akatangaza, akachukua moto. Kule Karagwe pori lilikuwa halina mwisho. Uliwachoma nyuki leo, wengine wakahamia kesho, kwa hiyo hakuna aliyefikiri mara mbili. Tulikula asali hadi ikatuchuruzika viwikoni. Kaka yangu Deo alilamba hata majani yaliyodondokewa. Jioni mti ulikuwa chini, na sisi tulikuwa na matumbo ya kuumwa na nyuso za harusi.

Msimu wa kwanza tulipanda viazi. Mpaka leo sijaona viazi kama vile. Baba alikishika kimoja kwa mikono miwili, akakizungusha kwa majirani kama mtoto mchanga. Msimu wa pili Bibi akasema zamu ya mbegu zake imefika. Alizipanda zote, hakubakiza hata moja, kwa sababu mbegu ikikaa sana, alisema, husahau kazi yake.

Ilikuwa likizo, nikakaa naye kwenye kibanda cha shambani. Kabla maua hayajatoka alinikalisha chini mimi na Deo, akatukumbusha mwiko ambao kila mtoto wa kwetu anaujua: boga changa halinyoshewi kidole. Ukilinyoshea, linaoza na kuanguka. Ukitaka kulionyesha, kunja ngumi. Tukaitikia kwa adabu zote.

Basi asubuhi moja natoka nje, nakuta shamba limewaka njano! Maua kila mahali, na chini ya mengine viboga vidogo vimeshakaa, vya kijani, vinang'aa kwa umande. Nikapiga kelele, "Bibi, ona lile! Na lile! Na lile pale!" Na kidole changu kikawa kimenyooka mbele yangu kabla sijajua.

Baada ya siku chache viboga vikaanza kugeuka njano, vikasinyaa, vikaanguka. Vilivyofuata navyo vikaanguka. Deo, shahidi asiyeitwa, akasema alichokiona. Bibi hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa kwenye tuta, kiboga kilichokufa kikiwa kiganjani mwake, akakitazama tu. Afadhali angenichapa. Niliona wazi kabisa kwamba mbegu zilizovuka mipaka mara mbili zimekuja kufia kwenye kidole changu, na usiku nilikesha nikiwaza kukikata, labda zitapona.

Nilitumwa mjini kuleta chumvi. Jirani yetu wa kule alikuwa Mama Furaha, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mwanamke wa sauti kubwa na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, ambaye mimea yake ya maboga ilikuwa imepanda mpaka juu ya paa la choo. Na juu ya paa hilo, maboga! Manene, yamelaliana. Nilisimama nikiyatazama, mkono nimeuficha kwapani.

"We mutoto ya Tanzania, mukono iko na nini?" akauliza.

Nikamweleza, machozi yakinitoka. Mama Furaha akacheka hadi akaweka beseni chini.

"Kidole? Mi naonyeshaka na mukono yote! Ona!" Akayanyoshea maboga yake vidole kumi, akavichezesha. "Bon, imeanguka? Haianguke! Kila mwaka iko inazaa tu."

Basi kwa nini ya Bibi yanaanguka? Nikasogea karibu na ua moja, na hapo nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau: mvumo. Nyuki alitoka ndani ya ua amepakaa unga wa njano mwili mzima kama mpishi wa maandazi, akaingia ua la pili, akatoka, akaingia la tatu. Huko shambani kwetu kulikuwa kimya. Maua yote yale, na kimya! Ubongo wangu uliruka kama panzi. Nilikimbia kuwahi tagisi, basi dogo la kwenda Kanama, na chumvi niliisahau.

Alfajiri maua yalipofunguka tu, nilichuma ua lisilo na kiboga, nikalisugua ndani ya ua lenye kiboga. Kisha jingine. Ili kazi iwe halali, nilivuma. Vvvvv. Nilikuwa nimeinama hivyo, pua ya njano, sauti nyuma yangu ikapasuka.

"Yewe! Kunyosha hakukutosha, sasa unayashika?"

Nilieleza yote kwa pumzi moja: paa la choo, vidole kumi, unga, mti tuliouchoma. Bibi akageuka polepole akalisikiliza shamba. Alisikiliza muda mrefu. Halafu akapiga magoti, akachuma ua.

"Hili naliingiza wapi?"

Tulifanya hivyo kila asubuhi hadi migongo ikagoma. Na naapa, Bibi naye alivuma.

Si yote yaliyoshika. Lakini machache yalishika, yakavimba, yakawa maboga ya kweli yenye mistari. Siku ya kuvuna Bibi alinishika mkono, akakinyosha yeye mwenyewe kidole changu mpaka kikagusa lile kubwa kuliko yote. "Hili ni lako," akasema. Nililia tena, safari hii kwa furaha, na Deo akalazimika kulibeba.

Yaliyobaki niliyaelewa nikiwa mkubwa. Mvua zilipokuja, mto Sebeya uliteremka kupitia Kanama hadi ziwani ukiwa mzito kwa udongo, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, nasi tukautazama tukiwa darajani bila kujua kwamba ni shamba la Baba linapita. Viazi navyo vikawa vinapungua ukubwa kila msimu. Baadaye nikasikia kwamba ziko nchi za mbali ambako watu hupanda juu ya miti ya matunda na brashi mkononi, wakigusa ua moja moja, kwa sababu nyuki wameisha. Wengine wakasikia habari hiyo wakastaajabu. Mimi niliumwa mgongo.

Siwalaumu wazee wangu. Walikuwa na njaa ya ardhi, na msitu ulikuwa mbele yao. Ila nilibeba hatia ya kidole kimoja kilichonyoshwa, wakati maboga yaliuawa na vidole vyetu vyote, siku ile tulipovilamba asali tukicheka.

Fundo la kanga sasa ninalo mimi. Kila msimu, kabla sijalifungua, natoka nje, nasimama shambani, nasikiliza kwanza.