Mwanya wa Mama Bhoke

Ko! Ndivyo kilivyolia kioo Mama Bhoke alipokilaza mezani kifudifudi, na mpaka leo nikikumbuka sauti ile masikio yananiwaka.

Mama huyo anawauzia chai wachimba dhahabu. Jiwe liliruka kutoka kwenye karasha, mashine ya kupondea mawe, likamvunja meno mawili ya mbele, na Jumamosi ile ng'ombe wa mahari ya binti yake Bhoke walikuwa waletwe. Hakutaka kupokea wakwe amejiziba mdomo. Mzee Chacha, fundi meno anayenifundisha kazi hapa Nyamisangura, akaniambia, "Robi, leo panga wewe. Urefu wa jino ukiwa tano, upana uwe nne."

Kazi yangu ya kwanza! Nikapima meno mawili ya bandia kwa rula, nikayapachika kwenye nta. Yakaacha uwazi katikati. Nikadhani nimekosea, nikachukua makubwa zaidi, kwa uwiano uleule, yakabanana vizuri.

"Mama, umekuwa kama wa kwenye kalenda!" nikajisifu, nikimpa kioo.

Akajitazama. Ko!

"Mwanangu, huyu ni nani? Mwanya wangu uko wapi? Baba Bhoke alitoa ng'ombe kwa ajili ya huo mwanya!"

Mzee Chacha alicheka mpaka akashika meza. "Wee Robi, na wewe mwenyewe unao! Hukuona?"

Kweli, ninao.

"Bado ni nta, mama," nikasema kwa sauti ndogo. "Nipe mpaka kesho."

"Haya, ila uwe uleule."

Walipotoka, nikakiinua kioo, nikatabasamu, nikauwekea rula mwanya wangu.