Maneno Niliyomtungia Mwanamume wa Televisheni

Kwa siku tatu nililala vibaya kwa sababu ya sentensi moja. Lambert, kijana ninayeongea naye tangu mwaka jana, aliniandikia kutoka Gitega kwamba asipoisikia sauti yangu, hewa yenyewe haimtoshi. Chini yake akauliza kama wazee wake wanaweza kushuka Bujumbura mwezi ujao kuja kuniposa. Msichana mwingine angehangaika na swali la wazee. Mimi niliganda kwenye ile hewa. Nilisoma ujumbe ule nikiwa kitandani, nikausoma nikipiga mswaki, nikajiuliza kama ameunakili mahali, na kama ameunakili, amewatumia wangapi. Nina shahada na sina kazi bado, kwa hiyo muda wa kuwaza ninao mwingi. Lakini shida yangu haikuwa kwamba maneno yale ni mabaya. Shida ni kwamba nilikuwa nayajua. Niliwahi kuyatunga mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi, uani kwa Mama Zawadi, mtaa wa Bwiza hapa Bujumbura, na sikuwahi kumsimulia Lambert.

Ua ule ulinukia mafuta ya cherehani. Barazani, hatua nne kutoka mlango wa sebule, alikaa Furaha, mdogo wake Mama Zawadi, akishona sare za shule, na harufu ya mafuta yale mepesi ilichanganyika na vumbi la kiangazi, mkaa, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikaangwa nyumba ya pili. Ilikuwa likizo kubwa. Mama Zawadi, aliyekuja kutoka Uvira, upande wa Kongo, kabla sijazaliwa na kuuza vitenge sokoni, ndiye aliyekuwa na televisheni kubwa kuliko zote katika mtaa wetu, na kila siku saa kumi na moja jioni wanawake sita au saba walikusanyika kutazama tamthilia ya mapenzi ya nchi za mbali iliyotiwa sauti za Kifaransa. Kifaransa hawakukijua. Mimi nilikuwa nimekisoma miaka minne shuleni, basi wakanikalisha kwenye kigoda karibu na kioo cha televisheni, wakanipa andazi, wakaniambia nitafsiri.

Ukweli ni kwamba nilielewa labda nusu. Mwanamume wa tamthilia, mwenye nywele za kung'aa na nyumba yenye ngazi mbili, alikuwa anasema haraka sana, hasa alipokuwa na machozi. Siku ya kwanza nilisema, "Hapa sijaelewa," na wanawake wakaguna. Siku ya pili nikaanza kujaza. Nilipoona ameshika mkono wa mwanamke, nilisema anampenda. Alipoangalia dirishani, nilisema anampenda ila ana siri. Siku moja Mama Zawadi akanigeukia: "We Nadine, jana ulisema anamupenda huyu. Mbona leo anaoa dada yake?" Nilitafuna andazi polepole ili nipate muda, kisha nikajibu kwamba amepata ajali na kusahau kila kitu. Wote wakasema masikini. Kwa wiki nzima iliyofuata nililazimika kumwacha yule bwana bila kumbukumbu, ingawa kwenye kioo alionekana kukumbuka vizuri kabisa. Na umeme ulipokatika katikati ya kilio, hakuna aliyeinuka. Waliniambia tu, "Endelea," na mimi niliendelea gizani, bila picha, mpaka mkaa ukazima.

Maneno ya hewa yalizaliwa katika wiki hizo. "Bila wewe hewa hainitoshi," nilimtafsiria yule bwana, na wanawake wote wakanigeukia. Niliona nimepata kitu, basi nikawa nayarudia kila baada ya siku mbili tatu. Sikujua kwamba aliyeyasikiliza kuliko wote alikuwa barazani. Furaha alikuwa na mchumba wa aina yake, Salvator, fundi wa kuchomelea vyuma aliyefanya kazi barabara ya pili. Salvator alikuwa anakuja karibu kila jioni na kopo dogo la mafuta. Alisalimia, akaipindua cherehani, akaipaka mafuta, akairudisha, kisha akasimama kando, bila kupumua, mpaka Furaha ajaribu mshono na yeye aone umenyooka. Halafu alisema, "Iko sawa," akaenda zake. Wanawake walimcheka. Walisema huyu amekuja kuoa cherehani.

Siku moja Furaha aliniita pembeni, akataka nimwambie neno kwa neno yule wa televisheni anasema nini. Nilimwambia. Aliyarudia midomo ikicheza, kama mtu anayejifunza sala. Jioni ile Salvator alipomaliza kupaka mafuta, Furaha alimuuliza mbele yetu sote, bila kumtazama, "Salva, unakuja hapa kila siku. Mi ni nani kwako? Sema." Salvator aliangalia kopo lake. Aliangalia viatu vyake. Mama Zawadi akamchokoza kutoka ndani: "Saidia mutu, Nadine, mutafsirie." Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Salvator alifunga kopo, akaaga kwa heshima, na kuanzia kesho yake hakuja.

Zikapita wiki mbili. Cherehani ilianza kukwaruza, kisha kulia, kisha kukata uzi. Duka la mafuta lilikuwa kona ya barabara, na Furaha alikuwa na mikono, lakini hakuipaka. Alishona na ile sauti mbaya hivyohivyo, na ndani mimi nilitafsiri mapenzi juu ya mlio wa chuma kikavu. Nilianza kuogopa kigoda changu. Watoto wanajua wanapokuwa wameharibu kitu, hata kama hakuna aliyewaambia. Mwishowe nilimwendea Furaha, niliyemwita Tantine kama shangazi, asubuhi kabla wengine hawajaja.

"Tantine, yale maneno ya hewa ni yangu."

"Yako namna gani?"

"Yule bwana alisema mambo mengine. Mi sikuelewa, nikaweka yangu."

Mguu wake ulisimama kwenye pedali. "Na yeye alikuwa anasema nini?"

"Sijui. Labda aliuliza funguo za gari."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ukingo wa sare aliyokuwa anashona, na kicheko kilipokwisha macho yaliendelea kulowa. Kisha akanituma kwa Salvator. "Nenda umwambie cherehani inalia."

"Nimwambie na nini tena?"

"Hiyo tu. Usiongeze yako."

Salvator alikuja kabla ya saa sita mchana, bado na masizi mikononi. Miezi michache baadaye wazee wake walikuja kuomba mke, na mimi nilikaa chini karibu na kreti za vinywaji, nikisubiri kwa hamu bwana harusi aseme. Hakusema. Kwa desturi yetu anasema mjomba wake, kwa mafumbo marefu, na mjomba wa upande wa pili anamjibu kwa mafumbo marefu zaidi, na wanaooana wanakaa kimya kama wageni. Nilishangaa sana. Kwenye kioo mwanamume anasema peke yake na jamaa wote wanampinga. Kwetu jamaa wote wanasema na mwanamume ananyamaza.

Kwa miaka mingi nilidhani nimeshapata funzo: maneno mazuri ni ya uongo, mafuta ya cherehani ni ya kweli. Ndiyo maana ujumbe wa Lambert ulinitisha. Ijumaa nilikwenda mtaa wa Nyakabiga, ambako Furaha ana duka lake la ushonaji, nikamwonyesha simu. Alisoma polepole, akatabasamu.

"We unawaza sana, Nadine. Hata ukiwa mutoto ulikuwa unawaza sana."

Nikamuuliza kama amewahi kujuta kuolewa na Salvator. Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Kuna siku niliyataka yale maneno yako. Siku tulimuzika mama, nilitaka Salva aseme kitu kimoja tu. Yeye akaenda kuchomelea viti vya wageni vilivyovunjika. Nilimukasirikia mwezi mzima." Kisha akaniangalia. "Lakini uliyatoa wapi?"

"Kichwani."

"Apana. Mi nilikuwa nakuona toka barazani. Ukifika pale pa hewa, ulikuwa hautazame televisheni. Ulikuwa unatazama huku kwetu barazani, Salva amesimama anangojea mshono."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilifikiria hilo. Ni kweli. Mtu asiyepumua mpaka sindano ipite. Nilikuwa nimetafsiri kweli, ila si yule niliyepewa kutafsiri. Basi maneno hayakuwa uongo, yalikuwa yamewekwa tu kwenye kinywa cha mtu mwingine. Pale Bwiza nilikuwa na mtu mbele ya macho, nikamtafutia maneno. Sasa nilikuwa na maneno kwenye simu, na mwenyewe nilikuwa nimemwona kwa macho mara tisa tu. Nilihesabu. Jumamosi nilimwandikia Lambert kwamba ninakuja, nikapanda basi la kwanza la Gitega.

Ana chumba kimoja nyuma ya shule anakofundisha. Alikuwa na haya kuliko nilivyomkumbuka, na maneno yake yote ya simu yalikuwa yamepotelea mahali. Mezani, kati ya madaftari ya wanafunzi, niliona tasnifu yangu ya chuo kuhusu wanawake wanaoanika ndagala kando ya ziwa. Nilikuwa nimemwachia nakala kwa sababu aliomba, nikadhani ni adabu. Sidhani hata msimamizi wangu aliisoma yote. Nakala hii ilikuwa imechakaa pembe, na pembeni mwa kurasa kulikuwa na alama za penseli, mpaka kwenye viambatisho.

"Ukurasa wa arobaini na tatu," alisema, akifurahi kupata la kusema. "Umeandika wanageuza ndagala mara mbili kabla ya saa sita. Haukusema kwa nini."

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuisoma hivyo na kuniuliza.

Nikamwambia wazee wake waje. Aliangalia penseli mkononi, akatafuta neno, akalikosa, akaniuliza kama nimekula.